Kitambaa cha Shimoni

Katika nyumba ya Mama Vifungo hakikutupwa kitu. Kipande cha kitambaa kikibaki, kiliingia kwenye gunia chini ya meza ya cherehani. Dirisha likipitisha upepo, alitia kitambaa. Meza ikiyumba, alitia kitambaa chini ya mguu wake. Mumewe akikoroma, nusura amtie kitambaa mdomoni. Huyo ndiye fundi wetu.

Majirani walimpa jina hilo kwa sababu ya makopo ya vifungo yaliyojaa dirishani. Mumewe alikuwa dereva mstaafu, na sasa kazi yake ilikuwa njiwa. Aliwafuga nyuma ya nyumba, kwenye vibanda vilivyoegemea ukuta. Aliwamwagia mtama asubuhi, akawamwagia tena jioni. Uliobaki aliuacha palepale chini.

"Watamalizia kesho," alisema kila siku.

Mwezi ule mambo yakaanza kumchanganya Mama Vifungo. Futi yake ya kupimia ilikatwa kwenye sentimita ya sitini. Suruali ya mteja ilipata tundu ambalo hakuna aliyelitoboa. Halafu akaona mavi ya panya nyuma ya kabati la vitambaa, madogo na meusi. Akashika kichwa. Nyumba yake ilifagiliwa mara mbili kwa siku. Panya walifuata nini?

Siku hiyohiyo binti yake akapiga simu. Alikuwa amejifungua mtoto wa kiume wiki tano zilizopita, katika mji mwingine. Mama Vifungo alikuwa bado hajamshika mjukuu wake. Alimjua kwa picha za simu tu.

"Mama, nilipokuja na tumbo langu nilimwona panya kwa macho yangu. Bado wapo?"

"Wapo wapo kidogo," alisema Mama Vifungo, maana kudanganya hakuweza.

"Basi sikiliza. Nimepanga kuja Jumapili ya mwisho wa mwezi. Kama bado wapo, nitakwenda kwa mama mkwe. Kwake hakuna panya."

Maneno hayo yalimchoma. Mama mkwe! Mwanamke ambaye hajui hata kutunga uzi kwenye sindano! Mama Vifungo alikwenda kabatini, akatoa blanketi dogo la njano alilomshonea mjukuu. Pembe moja ilikuwa imetafunwa. Akaketi chini, akalia.

Kuanzia hapo alijaribu kila alichoambiwa. Jirani mmoja alisema majani ya mnanaa hufukuza panya. Akayatandaza. Kwa siku mbili nyumba ilinukia chai, kisha mavi yakaonekana katikati ya majani. Jirani mwingine alimwazima paka. Paka akapanda juu ya magauni yaliyopigwa pasi, akalala usingizi wa kitajiri. Jirani wa tatu akashauri sumu, lakini mume akakataa katakata.

"Njiwa wangu wakiila je? Na huyo mtoto anakuja, atatambaa."

"Ana wiki tano, baba! Atambae wapi?"

"Atakua," mume akasema, akatoka kwenda kwa njiwa.

Hatimaye Mama Vifungo aliona shimo ukutani, nyuma ya kabati, karibu na sakafu. Alifurahi. Dawa ya shimo aliijua. Akachukua kitambaa cha bluu kutoka kwenye gunia, akakisokomeza kwa nguvu.

Kesho yake kitambaa hakikuwepo.

"Baba, umekitoa kitambaa changu?"

"Kitambaa gani?"

Akatia chekundu. Nacho kikatoweka. Akamtazama mumewe kwa jicho la pembeni. Mume naye alikuwa akimtazama vivyo hivyo.

"Mke wangu, usikasirike. Labda unakitoa mwenyewe, halafu unasahau?"

"Mimi? Mimi ninayekumbuka kiuno cha kila mteja?"

Alijibu kwa ukali, lakini moyoni aliingiwa na hofu. Je, kama ni kweli? Alianza kujichunguza. Alikuta mkasi mfukoni na hakukumbuka kuuweka. Chai yake ikapoa mbele yake. Hakujua tena amwamini nani, mumewe, macho yake au kichwa chake.

Jumatano wakatia kitambaa cha kijani pamoja, wote wawili wakishuhudia. Wakala chakula cha mchana. Waliporudi, shimo lilikuwa wazi, jeusi, kana kwamba halijawahi kuzibwa. Wakatazamana, kila mmoja akitamani mwenzake awe ndiye mkosaji.

Wakiwa wamesimama hivyo, bibi afya akabisha hodi. Alikuwa mteja, amekuja kujaribu sare yake mpya. Kazi yake ilikuwa kupita nyumba hadi nyumba akifundisha watu usafi na afya.

"Mbona mmesimama kama mnaopigwa picha?" aliuliza.

Walimweleza yote, wakikatizana. Bibi afya alisikiliza hadi mwisho huku akiivaa sare juu ya gauni lake, kisha akacheka mpaka pini ya sare ikamchoma.

"Mama, hakuna anayesahau hapa. Panya ndiye anayekichukua. Panya hutafuta kitu laini cha kujengea kiota, na wewe unamletea mlangoni kila siku. Kitambaa hakimzuii. Kwake ni godoro."

"Godoro!"

"Ndiyo. Na chakula je? Hebu nione nyuma."

Huko nyuma aliona mtama chini ya vibanda, na shimo lilelile likitokea upande wa nje, hatua mbili tu kutoka kwenye mtama. Mume akatazama viatu vyake.

"Kwa hiyo mimi napika na mke wangu anatandika," alisema taratibu.

"Umenena, baba. Wageni wenu wanahudumiwa vizuri kuliko wateja."

Mume hakungoja zaidi. Alikimbilia saruji, akaanza kuikoroga kwenye ndoo ili azibe shimo palepale.

"Simama kwanza!" bibi afya akamzuia. "Ukiziba sasa, utawafungia ndani. Watakufa huko na kunuka, au watatafuna njia nyingine. Hatuna haja ya kuwaua. Tuwanyime chakula na malazi, wahame wenyewe. Wakishahama, ndipo tufunge mlango."

Saruji ikagandia kwenye ndoo. Ndoo hiyo ipo hadi leo, hutumika kama kigoda.

Walifungua madirisha ili hewa ipite. Bibi afya aliwafundisha kutofagia mavi ya panya yakiwa makavu, kwa sababu vumbi lake huleta magonjwa. Walivaa glavu, wakafunga pua na mdomo, wakayalowesha kwa maji yenye klorini na kusubiri kabla ya kuyafuta kwa karatasi. Kisha wakagonga kabati na kulisogeza polepole. Panya mmoja akachomoka chini yake, akapenya shimoni, akaenda zake nje.

Chini ya kabati palikuwa na kiota. Mama Vifungo alikiinamia, na hakuamini macho yake. Bluu ilikuwepo. Nyekundu ilikuwepo, na kijani cha mchana ule. Katikati kabisa, palipo laini zaidi, palikuwa na sufu ya njano ya blanketi la mjukuu. Mwezi mzima wa kazi yake ulikuwa umelazwa pale kwa ustadi.

"Hana watoto," alisema bibi afya alipokikagua. "Angekuwa nao, tungemwachia siku chache awahamishe."

Mama Vifungo alitazama lile shimo. Kwa mara ya kwanza akamwonea panya huruma. Kidogo tu.

Waliloweka kiota kwa klorini na kukitupa ndani ya mfuko uliofungwa. Siku hiyo vitambaa vya gunia viliingia kwenye ndoo zenye mifuniko. Unga na mchele vikawekwa kwenye makopo ya bati. Mume alianza kuwapimia njiwa chakula, na kabla jua halijazama aliokota masalio yote, akinung'unika lakini akiokota.

Kisha bibi afya akanyunyiza unga kidogo mbele ya shimo.

"Huu si chakula tena?" mume akauliza, amechanganyikiwa upya.

"Ni kidogo mno kumshibisha, ila unatosha kuonyesha nyayo. Kila asubuhi tazameni, mfute, mnyunyize mwingine. Mkipata siku tatu mfululizo bila nyayo, zibeni."

Alhamisi palikuwa na nyayo. Ijumaa zilikuwepo tena, na Mama Vifungo hakuweza kushona. Jumamosi palikuwa na nyayo mbili tu, zikielekea nje. Jumapili unga ulikuwa mweupe, haujaguswa. Jumatatu hivyo hivyo. Jumanne, unga ukiwa bado haujaguswa, mume alikwenda kukoroga saruji nyingine.

Safari hii alisokomeza kwanza waya wa kusugulia masufuria, maana panya hapendi kuutafuna, kisha akapaka saruji juu yake, ndani na nje. Walizunguka nyumba nzima na kalamu ya risasi. Tundu lolote lililopitisha kalamu, lilizibwa. Chini ya mlango wa nyuma, palipopita mwanga, walipigilia ukanda wa bati.

Jumapili ya mwisho wa mwezi binti alifika, mtoto kifuani. Hakuketi. Alipita chumba hadi chumba, akainama nyuma ya kabati, akagusa saruji kwa kidole. Mama Vifungo alimfuata nyuma.

Juu ya kitanda binti aliona blanketi la njano. Pembeni lilikuwa na kiraka kipya.

"Hapa pamepatwa na nini?"

Mama Vifungo angeweza kusema mkasi uliteleza.

"Panya alipachukua, akalalia," alisema. "Nimelifua kwa maji ya moto mara tatu. Ukiona halifai, nitashona jingine."

Binti aliligeuza blanketi, akautazama ule mshono mdogo, nadhifu. Kisha akalitandaza mikononi mwa mama yake, akamlaza mtoto juu yake.

"Mshike, mama. Mimi nimechoka na safari."