Ndege wa Pembe ya Ugoro

Watu wa Kiamunyi hubishana kuhusu kila kitu, lakini kuhusu mikono ya Kimaiyo hakuna aliyebisha. Mandolini alizounda katika karakana yake ya mabati, nyuma ya nyumba, ziliwasahaulisha watu walichokuja kuulizia. Juu ya shingo ya kila moja alizamisha vipande vya pembe, vyembamba kama kucha, mpaka yakatokea maua na majani. Ukipitisha kidole hutahisi mahali mbao inapoishia na pembe inapoanzia. Fundi wa kweli, na ukweli usemwe wote, alijipenda kidogo.

Jumamosi ile ilianza vizuri. Masinde, mwalimu wa kwaya aliyeagiza mandolini mpya, alipitia asubuhi kuitazama. Shingoni walikuwapo ndege wa rangi ya asali, wameruka wakafuatana, na mmoja ametua kando ya tundu la sauti, mdomo wazi.

"Huyu ni kama anaimba, boss," Masinde alisema polepole. "Hii pembe ulitoa wapi?"

"Nilikuwa nayo tu."

Masinde aliondoka akiahidi kurudi kuichukua mara vanishi itakapokauka.

Kimaiyo hakumwambia kwamba ilikuwa pembe ya kuwekea ugoro ya nyanya yake, Tapkigen, aliyezikwa Kabazi mwaka uliopita. Aliichukua walipobomoa nyumba ya marehemu. Mama yake, Jepleting, alipoitafuta, alimwambia huenda ilipotelea kwenye kifusi. Pembe ya mtu aliyekufa ina kazi gani tena? Ndivyo alivyojiambia.

Kazi ilikuwepo, tena mchana uleule. Jebet, mkewe, alikuwa amejifungua binti, na wamama wa ukoo walikuja kumpa jina. Kwao Wakalenjin mtoto hupakwa puani ugoro kidogo wa pembe ya wazee wake waliokufa, kisha majina ya wafu yanaitwa moja moja. Jina atakalolipigia chafya ndilo lake. Mwenye jina amekubali kurudi ndani yake. Familia ilikuwa ya kanisa, Jumapili hawakosi, lakini hilo hawakuliacha. Mtoto asiyepokelewa hakai, wanasema, na Jebet alikuwa ameshazika mmoja.

Wanaume hawaingii. Kimaiyo alisimama nje, kati ya dirisha na karakana, akisikiliza.

"Kobilo." Kimya.

"Tabutany." Kimya.

"Tapkigen."

Chafya ikasikika. Ilikuwa ndogo, ya mtoto mchanga. Lakini haikutoka ndani ya nyumba. Ilitoka nyuma yake, karakanani, na nyuzi za mandolini zikavuma. Humo hamkuwa na mtu.

"Kimaiyo," mama yake akaita kwa sauti ya chini. "Ni wewe?"

"Hapana, mama."

Wakarudia jina. Chafya ikatoka palepale. Kisha akamsikia Jebet.

"Mama, amelegea. Mtoto amekuwa baridi."

Jepleting akatoka. Alitazama karakana, akamtazama mwanawe. La kuvunda halina ubani.

"Pembe uliipeleka wapi?"

"Iko kwa mandolini."

"Itoe. Yote, isibaki hata chembe. Amekuja, akaona pembe yake huko, akaingia huko."

Kimaiyo akashika patasi. Ndege wa kwanza aling'oka, na ndani mtoto akavuta pumzi. Akang'oka wa pili. "Amechezesha mguu," wakasema wamama dirishani. Akang'oka mwingine, na mwingine. "Amepata joto."

Akabaki yule wa kando ya tundu. Mkono ukasita. Kimaiyo hakuwahi kutengeneza kitu kizuri namna ile, na alijua hatatengeneza tena. Mtoto si ameshapata joto? Kipande kidogo hivi kitamdhuru nani? Ole wake. Mtu anaweza kuipenda kazi ya mikono yake mpaka ikampofusha. Akaweka patasi chini.

"Imetoka yote?" Jepleting aliuliza.

"Yote."

Wakaita jina. Kupitia dirisha Kimaiyo aliona pua ya mtoto ikikunjamana, kichwa kikitikisika. Wamama wakapiga vigelegele, na kwa vigelegele vyao hawakusikia. Yeye alisikia. Mwili ulipiga chafya ndani ya nyumba. Sauti ilitoka karakanani.

Wageni walikunywa chai, wakaaga wakiwa na furaha. Jioni mtoto akaona njaa. Mdomo ulifunguka, uso ukajikunja, machozi yakamtoka. Sauti hakuna. Alikuwa akilia karakanani.

Kimaiyo alikimbia huko. Akatafuta ukingo wa ndege kwa ncha ya patasi. Hakuupata. Pembe ilikuwa imeota ndani ya mbao. Na ilikuwa na joto. Akakandamiza patasi. Kilio kikapanda.

"Acha," mama yake akasema kutoka ndani ya nyumba. "Chochote unachofanya, acha. Mtoto anatoka damu mdomoni."

Akaacha. Hapo ndipo alipojua amefanya nini. Hangeweza kuivunja. Hangeweza kuiuza. Aliketi sakafuni, juu ya maranda, akalia pamoja nayo.

Jebet akaingia. Alikuwa amemwachia mama mkwe mtoto. Blauzi yake ilikuwa imelowa maziwa kifuani.

"Nipe," alisema.

"Jebet, hiyo ni mbao."

"Nipe. Ana njaa."

Akakaa kwenye benchi la kazi. Akaipakata. Akafungua blauzi.

Kilio kikakoma. Kukawa na sauti ya kunyonya.

Kimaiyo alirudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka akaufikia mlango wa nyumba. Jepleting alikuwa kitandani na mtoto mapajani. Mtoto hakuwa amegusa ziwa tangu wamama walipofika. Sasa alikuwa ametulia, macho yanasinzia. Akacheua.

Jepleting alimpangusa kidevu kwa leso. Akaitazama leso, kisha akamnyooshea mwanawe.

Yalikuwa maziwa. Na ndani ya maziwa, unga wa mbao.