Picha Mbili za Jina Moja

Kila akitoka shule, Chapuchapu hupitia studio ya picha ya shangazi yake. Hufagia, hupanga fremu, kisha husafisha kompyuta: faili iliyojirudia, anaifuta. Jina hilo la utani alipewa na shangazi mwenyewe, maana msichana yule hata uji huunywa ungali unatokota.

Jioni ile aliona faili mbili zenye jina la marehemu mmoja, jina la kigeni lenye kialama juu ya herufi. Majina yalifanana sawasawa. Akafuta moja bila kuifungua, akamwaga na pipa la taka la kompyuta.

Mara akaingia fundi cherehani wa jirani, macho mekundu.

"Dada, picha ya mama iko tayari? Tunazika kesho."

"Tayari, kaka," shangazi akamjibu. "Madoa yote nimeyatoa."

Chapuchapu akaifungua faili iliyobaki. Uso wa marehemu ulikuwa bado umeliwa na madoa ya maji! Nikisema, nimekwisha, akawaza, akaifunga upesi.

Shangazi akachomeka flashi kwenye kompyuta. "Ngoja nimwage humu picha za harusi, kisha nikuchapie."

Mwalimu wa kompyuta aliwahi kuwaambia: kilichofutwa hakipotei papo hapo, hupotea kingine kikikalia nafasi yake. Kidole cha shangazi kilikuwa tayari juu ya kipanya.

"Shangazi, usibonyeze!" Sauti ilimtoka kama si yake. "Ile nzuri nimeifuta mimi."

Fundi akajibwaga kwenye kiti. Shangazi akachomoa flashi. Akafungua programu ya kufufua faili. Mstari wa kuonyesha kazi ilipofikia ukatambaa kwenye skrini kama konokono. Mwishowe uso ukatokea, safi, unatabasamu.

"Lakini jina lilikuwa moja," Chapuchapu akasema huku analia.

"Kwa macho yako. Picha aliyoleta fundi ilitoka kwenye kompyuta ya aina nyingine. Huko herufi na alama yake huandikwa kila kimoja peke yake. Yangu huviandika kama kitu kimoja. Kwa mashine, hayo ni majina mawili." Akamfuta machozi. "Fungua kabla hujatupa, mwanangu. Na ukikosea, sema kosa likiwa bado bichi. Ungenyamaza kidogo zaidi, kesho tungemzika mama wa watu mara mbili."