Usizidishe Hamsini

Duka la vipuri lilifurika watu. Nje, kijana mmoja kinyozi, shati jeupe limenyooka kwa pasi, alikuwa akiingurumisha pikipiki yake mpya ili mtaa mzima ujue.

"Kaka, unataka kuiua kabla hujaizoea?" aliuliza dada mmoja mwenye ovaroli ya bluu, kitambaa chekundu kichwani, oili hadi viwikoni. Alikuwa fundi wa pikipiki, kibanda cha jirani.

"Si yangu?"

"Ndiyo maana nakuonea huruma. Injini mpya hulelewa. Mpaka tubadilishe oili ya kwanza, usizidishe spidi hamsini, hata iweje."

Kinyozi akaupenda ule ukali, na yale macho. Jamani, hawa walipendana kwa mwendo wa kobe! Jioni alimpakia nyuma, baiskeli zikiwapita, fundi akimnong'oneza, "Taratibu, mpenzi, bado mtoto huyu," wakacheka mpaka mbavu zikawauma.

Kisha mchana mmoja fundi akapiga simu.

"Mpenzi, Mama kazidiwa, ananiita. Njoo unipeleke hospitali."

"Nakuja, kipenzi. Usilie."

Alikuja kweli, mshale kwenye hamsini. Mama huyo alishazidiwa mara nyingi akapata nafuu, basi kijana hakuona haja ya kuichosha injini. Fundi, barabarani, alikataa pikipiki mbili zilizosimama kumchukua: wake yuko njiani. Kinyozi alipofika, fundi akamwambia kimbiza, naye akakimbiza. Wakamkuta muuguzi anamfunika mama uso.

"Ungewahi kidogo tu," fundi alisema, "ningemkuta anaongea."

Afadhali hapo kinyozi angenyamaza. Lakini hofu ilimshika, akajitetea.

"Si wewe uliyeniambia nisizidishe hamsini?"

Tangu siku hiyo fundi hakupokea simu zake.

Wakati wa kubadilisha oili ulipofika, kinyozi alikwenda kibandani, amekonda, shati limekunjamana. Fundi alimwaga oili chafu, akatia mpya, akakaza nati vizuri kama kwa mteja yeyote.

"Nisamehe," kinyozi alisema. "Neno lile lilinitoka tu. Nakupenda, hata usingizi sipati."

"Nilikusamehe siku ileile. Na mimi nakupenda, sitakudanganya." Akajifuta mikono kwa tambara, polepole. "Lakini nikipanda nyuma yako, nitakuwa nakwenda kwa Mama kila siku, na kila siku nachelewa."

Akamkabidhi ufunguo, akamwita mteja aliyefuata.