Kisahani cha Kulia

"Mkate umetoka tanurini."

Wiebke Tannert alikata simu, akaikagua bastola yake ya Walther na kuirudisha chini ya koti.

Maana ya maneno hayo ya siri: Daktari Eckart Lommatz ameiba chupa ya dawa maabarani, hapa hapa Dresden. Wanunuzi wanamsubiri kwenye treni ya Praha, saa moja na dakika kumi jioni.

Dawa ile huzivuruga seli za kiumbe kingali tumboni. Kwa kawaida seli hujua upande wa kuelekea. Hujipanga, husukumana, huvutana kuja katikati, mpaka mgongo ukarefuka na kujifunga. Zikionja dawa, kila moja inashika njia yake. Wanunuzi walitaka kuimimina katika maji ya mji mzima, wajawazito wayanywe.

Wiebke alimzaa Jonte mgongo ukiwa wazi. Alimpakata dakika arobaini tu. Miaka sita sasa, na kiganja chake bado kinaukumbuka mgongo ule. Jamani, kuna vitu havizikiki.

Mkuu wake, Ruprecht, alipiga tena, amefura. Wanunuzi wamenaswa, Daktari haonekani.

"Alichukua mayai ya samaki ya kujaribia dawa?" Wiebke aliuliza.

"Visahani viwili. Yametagwa leo saa tatu asubuhi. Kwa nini?"

"Basi hajafika stesheni."

Mayai yale yakitimiza muda wa saa kumi, yaani saa moja jioni hii, mgongo wa samaki huanza kuonekana. Mtu aliyeutazama miaka thelathini hawezi kuukosa, hata akifukuzwa kwa bunduki. Na nyuma ya stesheni palikuwa na duka la samaki wa mapambo, lenye darubini ya kukagulia magonjwa.

Alimkuta Daktari ameinama juu ya darubini hiyo. Treni ilishaondoka.

"Mikono juu, Daktari."

"Dakika mbili, bibie." Hakugeuka. "Kushoto maji matupu. Kulia, dawa. Hebu tazama."

Alimtia pingu, akaitwaa chupa, kisha akatazama. Hakupaswa.

Kushoto, mstari mwembamba, umenyooka. Kulia, kitu kifupi, kipana, kingo zake mbili ziko mbalimbali. Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

"Hawa wa kulia wanaumia?"

"Hapana. Bado hawana cha kuumia nacho."

Miaka sita alitafuta wa kumjibu hilo. Alichukia kwamba ni huyu.

Alimwambia mwenye duka awaweke wa kushoto kwenye joto, nyuzi ishirini na nane, watotolewe. Vijana wa Ruprecht wakamchukua Daktari.

Wiebke alifunga vifungo vya koti, akatoka bila haraka. Kisahani cha kulia alikibeba mwenyewe, kiganjani.