Swali Alilolinyamazia Olga

"Chanzo cha mionzi kimeanguka sakafuni. Unafanya nini kwanza?"

"Naondoa batu."

"Kisha?"

"Nafunga fasi yote, mutu asiingie. Kisha napima."

"Haukiokote na mukono?"

"Déo! Hata mukono ya adui yako usiutume pale."

Déo alicheka. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, katika chumba alichopanga Olga huko Kakoba, mtaa mmoja wa Mbarara, simu ya Olga mkononi. Asubuhi alikuwa ametoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale na magunia ya maharage ya kuuza. Maharage yaliisha mapema, na sasa alikuwa anamsomea mchumba wake maswali ya mtihani.

Mtihani wenyewe haukuwa wa mchezo. Olga alikuwa mpiga eksirei katika kliniki moja pale Mbarara. Nchi ilikuwa inapanga kujenga kiwanda cha umeme wa nyuklia, na kampuni moja ya Kampala ilikuwa inatafuta watu wa kuwalinda wafanyakazi dhidi ya mionzi. Ukifaulu maandishi na vitendo, unapata cheti. Ukipata cheti, kazi iko. Kwa binti aliyevuka mpaka kutoka Kivu ya Kusini mgongoni mwa mama yake, mlango wa namna hiyo haufunguki kila siku.

Lakini alikuwa amechoka. Mchana kliniki, Jumamosi darasani Kamukuzi, na saa zilizobaki vitabu. Harusi yao walikwisha kuiahirisha mara mbili.

"Haya, ingine," Déo aliendelea. "Mfanyakazi wa kike amegundua kwamba ana mimba. Sheria inamtaka afanye nini?"

Olga aligeukia ukuta.

"Olga?"

"Ruka hiyo."

"Juu ya nini niruke? Hii iko ya mwepesi kabisa."

"Nimesema ruka!"

Déo aliishusha simu. Olga alikuwa bado amegeukia ukuta. Hapo ndipo Déo alipokumbuka samaki aliyemletea safari iliyopita: Olga alikimbia harufu yake, akaachwa akapoa kwenye sahani.

"Olga, niangalie. Uko na mimba?"

"Niko nayo."

"Tangu lini unajua?"

"Tangu mbele ya Pasaka."

"Na mi haukuniambia."

"Ningekuambia nyuma ya examen. Nikisema, batanitoa mu vitendo. Na bale bamama ba kanisa batasema tufunge ndoa mbio mbio, niache masomo, nikae Nakivale nilime."

"Bamama ba kanisa. Mi nilikuambia uache masomo siku gani?"

Olga alitafuta siku hiyo moyoni mwake, asiipate.

"Na ile mashini ya kliniki? Unasimama pale na mtoto mu tumbo?"

"Nasimama nyuma ya ukuta, Déo. Mionzi haifike kule. Beji yangu ya kupima mionzi inasomwa kila mwezi, haijaonyesha kitu."

"Nakuuliza mtoto, unanijibu beji!"

Alichukua koti lake. Mlangoni alisimama kidogo, kama mtu aliyesahau kitu.

"Wewe ndiye unasoma kulinda batu," alisema. "Mi uliniweka fasi gani?"

Akatoka.

Jioni ile Olga alipiga simu, ikaita mpaka ikakatika. Akaandika: "Nisamehe. Niliogopa." Hakujibiwa. Kesho yake akaandika tena: "Umefika muzuri?" Akajibiwa neno moja tu: "Nilifika."

Neno lile lilimchosha kuliko kazi yote ya wiki.

Jumamosi, wenzake walipotoka darasani, alibaki. Mwalimu wao, Kalisa, alikuwa mzee mmoja wa Mbarara aliyejifunzia Kiswahili jeshini.

"Madamu Olga, iko na shida?"

"Mwalimu, niko na mimba."

Kalisa aliweka begi chini.

"Mimba ya siku mingi?"

"Ya siku kidogo. Nilikuficha. Nilijua utanifukuza."

"Nani nasema fukuza? Kaa chini, nyabo. Kaa." Alivuta kiti, akamsogezea. "Sikia. Maandishi, wewe nafanya na wengine. Karatasi haina mionzi. Vitendo, hapana. Mimi hapana weka wewe karibu na chanzo. Wewe nazaa, nanyonyesha, narudi. Na kule kliniki, ambia mukubwa wako leo. Leo leo!"

"Na kazi, mwalimu? Kampuni itaningoja?"

Mzee aliliokota begi lake.

"Hiyo mimi hapana jua. Mimi hapana danganya wewe."

Olga alishuka kilima cha Kamukuzi kwa miguu. Mkubwa wake wa kliniki alipoambiwa alinung'unika, kisha akamhamishia mapokezi. Olga akamwandikia Déo: "Nimebaambia bote. Vitendo nitafanya nikishazaa. Kazi sijui kama itaningoja. Nilipaswa kuanza na wewe."

Siku ya mtihani ikafika, jibu halijaja.

Aliandika mpaka karatasi zikakusanywa. Swali la mimba halikuwemo kabisa. Alipotoka nje alimkuta Déo ameegemea bodaboda ya kukodi, viatu vyekundu kwa vumbi la njia ya Nakivale.

"Juu ya nini haukunijibu?" Olga aliuliza. Hata salamu hakuwa na nguvu nayo.

"Nilikosa maneno. Unajua dada yangu mukubwa alifia mu njia, wakati wa kukimbia. Alikuwa na mimba. Uliposema iko, nikaona ile njia tena. Haikuwa hasira, Olga. Ilikuwa woga."

"Ungesema."

"Na wewe ungesema."

Mwenye boda akajifanya anatazama tairi.

"Jana nilisimama mbele ya bazee ba kanisa," Déo alisema. "Nikabaambia mimba iko yangu, lawama baniwekee mimi, wewe bakuache usome."

"Wakasema nini?"

"Banitoa mu chorale. Pasteur Nicodème anasema atatufungisha ndoa, lakini siku ya kazi, bila shela, bila nyimbo."

Olga alijua Déo na kuimba kwake. Tangu utoto, kambi nzima ilimjua kwa sauti ile.

"Bakutoa mu chorale juu yangu?"

"Juu yetu. Panda, twende ule kitu."

Majibu yalitoka kabla ya harusi: maandishi amefaulu. Kuhusu kazi, kampuni iliandika kwamba haiwezi kuahidi lolote, arudi akishamaliza vitendo. Olga aliusoma ujumbe huo mara moja, akaizima simu.

Walifunga ndoa Jumatano, katika kanisa la mabati huko Nakivale, mbele ya watu waliojaa mabenchi mawili. Olga alivaa kitenge kipya, tumbo limeanza kusema lenyewe. Hakuna aliyeimba. Baadaye, kwenye ua wa mama yake Déo, fufu na samaki vikapita, na Pasteur Nicodème akasimama na Biblia yake kuwapa maharusi mawaidha.

"Watoto wangu," alianza, "ndoa ni..."

Déo aliinua mkono taratibu. Kichwa cha Olga kilikuwa kimelala begani kwake, mdomo wazi kidogo.

"Pasteur, muturehemu," alinong'ona. "Bibi yangu amelala."

Pasteur alitazama, akafunga Biblia, akakaa. Sahani zikaendelea kupita kimya kimya, na Déo hakulisogeza bega lake mpaka chakula kikapoa.