Keke Isiyooshwa

Daraja la mizizi lilikatika Ishvela akiwa ameshavuka, shemeji yake Tarmo akiwa bado katikati. Alipomburuta kutoka kwenye korongo kavu, mguu wa kulia ulikuwa umevunjika chini ya goti. Njia ya kurudi ilikuwa imekwisha, na kijiji chao cha Ohra kilikuwa siku tatu mbele.

Kibuyu hawakuwa nacho. Kwa watu wa Ohra, kubeba maji msituni ni kuitukana miti: unautoboa mlimbu, mti unaohifadhi maji shinani, kwa keke, chuma cha kutobolea, unakunywa, unaziba, unaendelea na safari. Lakini mwaka ule ugonjwa wa baka jeusi ulikuwa umeingia msituni, na kila mlimbu walioutoboa ulitoa uji mweusi unaonuka.

Siku ya pili midomo ya Tarmo ilikuwa imepasuka.

"Shemeji, niache hapa. Kaka akiuliza, mwambie nilikufa kishujaa."

"Nitamwambia ulikufa ukilialia. Inua mguu, nikaze hizi fimbo."

Alipoinama kufunga, aliona jambo ambalo macho yake yalikuwa yamelipita kwa siku mbili. Miti yote iliyooza ilikuwa na vizibo. Juu ya mteremko, mbali na njia, ilisimama milimbu ya kijani kibichi isiyo na kizibo hata kimoja.

"Maji yale!" Tarmo alisema. "Toboa basi, unangoja nini?"

Ishvela aliitazama keke yake. Haikuwahi kuoshwa tangu enzi za bibi. Utomvu ulikuwa umeganda juu yake tabaka kwa tabaka, na kadiri ulivyokuwa mnene ndivyo nyumba ilivyoheshimiwa. Aliukwangua kwa kucha, akanusa. Ulikuwa uvundo ule ule. Mwaka huo pekee alikuwa ametoboa miti zaidi ya arobaini.

"Ni sisi," alisema.

Akawasha moto, akaitia keke humo mpaka chuma kikawa chekundu.

"Utomvu wa bibi huo!" Tarmo alifoka. "Umerukwa na akili?"

"Foka tu. Ukimaliza utakunywa."

Alimkokota Tarmo hadi juu ya mteremko, akatoboa mlimbu mmoja wa kijani, na maji yakatoka meupe, baridi. Ishvela alikunywa huku akilia, akaona aibu kwa jinsi yalivyokuwa matamu.

Siku ya tano alifika Ohra akimkokota Tarmo kwenye machela ya matawi. Mama mkwe alikuja mbio, akaiinua keke yake kuutoboa mlimbu wa langoni, uliokuwa bado mzima, ili awape maji ya kuwapokea. Ishvela aliufunika mti kwa kiganja.

"Ipitishe kwenye moto kwanza, mama."

"Una homa, mwanangu. Toa mkono."

Hakuutoa.

"Msikilize, mama," Tarmo alisema kutoka chini. "Mimi nilimbishia, na ningekuwa maiti."

Mama mkwe aliitazama keke, kisha akaitazama milimbu mikavu iliyozunguka kijiji, aliyoitoboa kwa mkono wake tangu usichana. Akaketi mavumbini.

"Leteni moto," alisema.