Minyaa Barabarani

Siku gari la Shaibu lilipowaharibikia njiani, hakuna aliyekasirika. Yeye na mkewe walikuwa wanarudi nyumbani Kisesa kutoka harusini Magu, wamekula wakashiba, na binti yao Sada alikuwa kiti cha nyuma akiimba nyimbo za harusi kwa kuzikosea. Ghafla rejeta ikaanza kufuka. Shaibu akaliegesha gari nusu kwenye lami, nusu kwenye vumbi, maana kona ile haina pembeni ya maana.

Pembetatu ya kuakisi mwanga hakuwa nayo. Ilikuwa imeazimwa na dereva mwenzake wa stendi ya Buzuruga, nayo ikaenda moja kwa moja. Basi akafanya tunavyofanya wote. Alichukua panga, akakata minyaa kwenye uzio wa watu, akayapanga matawi barabarani: moja mbali kabisa, jingine karibu zaidi, na rundo zima nyuma ya gari. Maziwa ya minyaa yalimchuruzika mikononi, akayafuta kwa mchanga asije akajigusa macho. Kwetu huku hilo halihitaji maelezo. Ukiona matawi kwenye lami, punguza mwendo, mbele kuna gari limekufa.

"Tusubiri," alimwambia Sada. "Fundi anakuja."

Fundi akaja na pikipiki, akabadilisha mpira wa maji, gari likawaka. Shaibu akageuka aende kuyatoa matawi yake. Jua lilikuwa kali, na Safia, mkewe, alikuwa amebanwa na viatu vya harusi hadi kichwa kinamgonga.

"Baba Sada, achana nayo bwana. Malori yatayasaga."

Shaibu alisita, mkono kwenye mlango. "Tuyaache?"

"Tuyaache. Twende."

Sada alipiga magoti kwenye kiti akachungulia kioo cha nyuma. "Na matawi, baba?" aliuliza. Wakaenda zao.

Mimi sipendi kulaumu watu, ila hapa nitalaumu. Kuyaweka matawi tunajua sana. Kuyatoa, kila mmoja anamwachia anayekuja nyuma yake. Matokeo yake barabara yetu imejaa matawi yasiyo na gari mbele, na madereva wameyazoea, wanayapita kama vile hawakuyaona. Na mnyaa una ubaya wake wa ziada. Haunyauki haraka. Ukiukata leo, siku kadhaa baadaye bado unang'aa kijani kama umekatwa asubuhi.

Wiki haikuisha. Shaibu akiwa anarudi peke yake kutoka Magu, giza likianza kuingia, aliingia chini ya lori lililokuwa limesimama bila taa kwenye kona ileile.

Msibani kila mtu alikuwa na sababu yake. Wanaume kwenye jamvi walisema usingizi, wengine wakasema breki, wengine mwendo, wengine simu mkononi. Wanawake jikoni walisema huo ni mkono wa mtu, na kwamba pale konani pana kitu kinachotaka damu. Safia aliyasikia yote akiwa ndani na nguo zake za eda. Alijua breki zilikuwa mpya. Alijua mumewe hakuwa mtu wa kusinzia. Alilia mpaka sauti ikakauka, kisha akawa analia bila sauti.

Watu walipokwisha kutawanyika, nyumba ikabaki na watatu: Safia, Sada, na Bi Hadiya, mama yake Shaibu. Asubuhi moja Bi Hadiya alitoka kufagia akakuta tawi la mnyaa limelala getini. Akalitupa. Alidhani ni mbuzi wa jirani wamelivuta.

Asubuhi iliyofuata tawi lilikuwa katikati ya uwanja. Lilikuwa bichi, maziwa bado yanadondoka. Baada ya hapo likaja rundo zima chini ya dirisha la chumba cha Sada. Na nyumba ile haina mnyaa hata mmoja. Uzio wao ni wa mabati.

Bi Hadiya alisoma dua, akanyunyiza maji kwenye kila pembe. Jioni walifunga mlango kwa komeo na kuegemeza meza. Asubuhi komeo lilikuwa mahali pake, na meza pia. Matawi yalikuwa ndani, kwenye korido, yamepangwa moja moja mpaka mlangoni kwa Sada.

Safia aliufungua mlango kwa kishindo. Mtoto alikuwa amekaa kitandani, macho wazi, mikono juu ya magoti, kama abiria.

"Sada. Njoo unywe uji."

"Tusubiri, mama."

"Tusubiri nini?"

"Baba amesema fundi bado hajapata usafiri."

Tangu siku hiyo Sada hakula. Alikunywa maji kidogo akilazimishwa, akarudi kukaa vilevile. Zahanati walimpima malaria, hana. Walimpima kila kitu, hana kitu. Mwili wake ukawa baridi, na ukimnusa nywele zilinuka petroli. Safia alimkumbatia akamnong'oneza majina yote ya mapenzi aliyokuwa akiitwa na baba yake. Mtoto alimtazama kwa upole tu, kama mtu anayetazama nje ya kioo. Safia alikuwa amekwisha kumzika mmoja. Sasa alikuwa anamwona wa pili akienda mbele ya macho yake, naye hajui amshike wapi.

Ndipo akaja Masele. Alikuwa mtu mzima, mpole, na alibisha hodi kama anayeogopa kuitikiwa. Kwa sababu ya eda, Bi Hadiya alimkalisha barazani, na Safia akamsikiliza nyuma ya pazia.

"Shikamoo mama," alimwambia Bi Hadiya.

"Marahaba baba."

Masele akaligeukia pazia. "Pole sana, mayu, mama yangu," akasema. "Mimi ndiye mwenye lile lori. Nimeshindwa kulala. Wanasema sikuweka alama. Ni kweli, sikuweka. Nilipozimikiwa pale nilikuta matawi yapo tayari, ya minyaa, mabichi kabisa. Nikasema Mungu amenisaidia. Nikakaa kumpigia fundi."

Nyuma ya pazia, Safia alishika ukuta. Maskini Shaibu. Aliyaona matawi, sana tu. Ila aliyajua. Ni yeye aliyeyakata na kuyapanga kwa mikono yake. Alisema moyoni haya ni yangu, mbele hakuna kitu, wala hakupunguza mwendo.

Masele alipoinuka kuondoka aliona matawi ya asubuhi ile uwanjani. Bi Hadiya alikuwa amechoka kuyatupa. Akamweleza na ya ndani, maana siri nayo huchosha. Masele aliyatazama kwa jicho la kazi, kutoka getini hadi dirishani, na rangi ikamtoka usoni.

"Haya si ya mchawi, mama," alinong'ona. "Hivi hupanga dereva. Ya mbele yapo, ya nyuma yapo. Hapo katikati kuna gari limekwama."

Katikati kilikuwepo kitanda cha Sada.

Safia hakungoja. Alivaa kandambili, akajitanda, akatoka chumbani. Bi Hadiya akasimama mlangoni.

"Wewe uko kwenye eda, Safia. Unakwenda wapi?"

"Konani, mama. Mimi ndiye niliyemwambia tuyaache. Amekwama pale, na anamshikilia mtoto."

Mama mkwe alimtazama. Machozi yalianza kumtoka bila uso kubadilika. "Ukiyatoa, mwanangu ataondoka?"

"Ataondoka, mama."

"Na mimi kila asubuhi nikiyaona matawi, nilikuwa nasema moyoni, Shaibu amekuja." Akajifuta kwa kiganja. "Hata ya ndani niliyafurahia. Mungu anisamehe."

Safia alimshika mikono. Hata yeye alikuwa ameanza kulala akisikiliza hatua za Shaibu koridoni. Walisimama hivyo, wanawake wawili waliompenda mtu mmoja, mpaka Bi Hadiya akavua kanga yake ya mabegani akampa. "Shikia hii. Maziwa ya mnyaa yanaunguza."

Alifika konani kwa bajaji, jua bado liko juu. Matawi yalikuwepo. Malori yalipita juu yake, mabasi yakapita, na hakuna hata moja lililovunjika. Yalikuwa ya kijani. Yalikuwa yanadondosha maziwa. Mwenye bajaji aliuliza mama anatafuta nini pale chini, akaambiwa asubiri.

Akaanza na la mbali. Akaliburuta hadi mtaroni. Akarudi. Akachukua la pili. Maziwa yakapenya kanga. Mikono ikawaka. Hakuacha.

Likabaki tawi la mwisho la lile rundo. Aliinama. Akaliinua. Likawa jepesi.

Upande wa pili kuna mtu alikuwa amelishika.

Hakuinua uso. Alisikia harufu ya petroli na mafuta ya nazi. Alisikia pumzi. Kisha sauti ile, ya chini, iliyozoea kumwuliza kila jambo kabla ya kulifanya.

"Tuyaache, mama Sada?"

Neno moja tu, na angebaki naye. Kila asubuhi angemkuta mlangoni.

"Hapana, baba Sada," alisema. "Tuyatoe."

Wakalibeba pamoja mpaka mtaroni. Pale likawa zito ghafla, mzigo wa mtu mmoja. Safia alikaa chini kwenye vumbi akalia kwa sauti, kilio kilichokuwa kimemkaukia msibani, na mwenye bajaji akavua kofia yake bila kujua anaivulia nini.

Aliporudi nyumbani, Sada alikuwa jikoni na bibi yake. Alikuwa anakula ugali kwa mikono miwili. Aliinua macho, akaona viganja vya mama yake vimeganda maziwa, vyeupe mpaka kwenye vifundo.

"Kumbe fundi ni wewe," alisema, akaurudia ugali wake.

Bi Hadiya akainuka. Alimshika Safia mkono, akampeleka nje, chini ya dirisha la mtoto. Matawi hayakuwepo. Palikuwa na alama za matairi kwenye mchanga, mistari miwili mipya inayoanzia ukutani, ikavuka uwanja, ikatoka getini kuelekea barabarani. Ya kuingia haikuwepo.

Mvua za masika zimekuja zikapita, na mistari ile bado ipo. Safia hufagia uwanja kila asubuhi, na akifika pale huizunguka.